Pudini ya Mfalme na Kichuri cha Tarime

Mwaka 1927 bodi moja ya serikali ya Uingereza, iliyoundwa mwaka mmoja kabla ili kuwahimiza Waingereza wanunue mazao ya makoloni yao, ilisambaza maelekezo ya kupika pudini ya Krismasi. Mwenye mapishi alikuwa Cédard, mpishi wa Mfalme George V. Kila kiungo kilitajiwa kilikotoka: zabibu kavu za Australia na Afrika Kusini, matofaa ya Uingereza au Kanada, sukari ya visiwa vya Karibi au Guiana, mdalasini wa India au Ceylon, rumi ya Jamaika. Katikati ya orodha hiyo kuna mstari mfupi unaodai robo ya aunsi ya karafuu za kusaga, kiasi cha gramu 7, na mahali pa kuzipata ni Zanzibar.

Mkwezi wa mikarafuu wa Pemba hakutarajiwa kuionja pudini hiyo, na hakuna kitu katika maelekezo kinachomtaja. Hata hivyo yumo. Karatasi iliyokusudiwa kumfundisha mama wa London namna ya kuchanganya unga na mafuta imehifadhi ramani ya dola nzima: nani alilima, nani alisafirisha, nani aliketi mezani. Mapishi yaliyoandikwa yana nguvu hiyo. Yanaeleza chakula, na bila kukusudia yanaeleza shibe, njaa, biashara na madaraka ya watu wa wakati wake.

Mhadhara huu unawaendea wazee, walimu, mama lishe na wanafunzi wa wilaya za Tarime na Serengeti, watu wanaotenganishwa na Mto Mara na kuunganishwa na ng'ombe, ulezi, mtama na muhogo. Hoja yake ni moja. Vitabu vya kale vya upishi vya Uingereza vimejaa vyakula vinavyomshangaza msomaji wa leo, na watu wa Mara wanaweza kuvicheka wakipenda. Lakini Waingereza walifanya jambo ambalo halijafanyika vya kutosha kando ya Mto Mara: waliandika.

Kulungu anayetoka divai

Mwaka 1660 mpishi Robert May alichapisha kitabu kilichobeba maelekezo ya karamu kubwa. Humo alifundisha kutengeneza kulungu wa unga uliookwa, mwenye mshale ubavuni na divai nyekundu tumboni. Bibi mmoja miongoni mwa wageni aliombwa auchomoe mshale, na divai ikabubujika mithili ya damu. Kando ya kulungu huyo zilipangwa pai kubwa mbili, moja yenye vyura hai na nyingine yenye ndege hai. Vifuniko vilipoinuliwa vyura waliruka, wanawake walipiga kelele, na ndege walizima mishumaa kwa mabawa yao.

May aliandika akiwa mtu mzima, nchi yake ikiwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na alizieleza karamu hizo kama mambo ya zamani za ukarimu ambazo zilikuwa zimeshapita. Kitabu ambacho leo kinasomwa kwa hamu ya enzi za kale kilikuwa tangu mwanzo kitabu cha hamu ya enzi za kale.

Miaka 200 baadaye alikuja Isabella Beeton. Alikuwa na miaka 25 kitabu chake cha uendeshaji wa nyumba kilipotoka mwaka 1861, kikiwa na kurasa zaidi ya 1,100. Nakala 60,000 ziliuzwa katika mwaka wa kwanza. Mwandishi huyo alifariki mwaka 1865, akiwa na miaka 28 tu, lakini jina lake liliendelea kuuza vitabu kwa vizazi kadhaa.

Baadhi ya maelekezo yake yanashangaza. Karoti kubwa zilitakiwa zichemke kwa muda unaofikia saa mbili na robo. Katika sura ya vyakula vya wagonjwa kuna sandwichi ya mkate ndani ya mkate: kipande chembamba cha mkate uliobanikwa na kupoa, kinachowekwa kati ya vipande viwili vya mkate wenye siagi, kisha chumvi na pilipili manga. Basi. Mwaka 2011, Uingereza ikiwa katika hali ngumu ya uchumi, chama cha wanakemia cha nchi hiyo kilikifufua chakula hicho na kukitangaza kuwa mlo wa bei ndogo kuliko yote, wenye gharama ya senti 7.5 za Kiingereza. Mlo wa mgonjwa wa 1861 ukawa mlo wa mtu aliyepungukiwa wa 2011.

Mbele ya bucha la Mugumu

Kama mpishi wa enzi ya Beeton angesimamishwa leo mbele ya bucha la Tarime mjini au Mugumu, vingi vya pale angevitambua. Kichwa cha ng'ombe? Kitabu kilimfundisha kuchemsha kichwa cha ndama, na kukitumia kwa supu maarufu iliyoigiza supu ya kasa, mnyama ambaye wenye kipato cha kati hawakummudu. Ulimi na utumbo? Vyote vimo kitabuni. Miguu ya ng'ombe, ambayo Mtanzania huiweka sufuriani usiku ili asubuhi apate supu ya makongoro, Mwingereza wa wakati huo aliichemsha vivyo hivyo hadi ute wake utoke. Mafuta magumu yanayoizunguka figo yalikatwakatwa na kuchanganywa na unga na zabibu, yakawa pudini ambazo wazee wa Uingereza bado wanazikumbuka kutoka mabweni ya shule.

Anayeshangaa mbele ya bucha hilo ni Mwingereza wa leo, aliyezoea nyama iliyokwisha kukatwa, kufungwa na kuwekewa bei. Kwa hiyo ugeni wa chakula haupimwi kwa umbali wa bahari peke yake. Babu na mjukuu wa nchi moja wanaweza kuwa wageni zaidi mezani kuliko Mkurya na Mwingereza wa zamani.

Chukua kichuri, chakula kinachomtambulisha mtu wa Mara popote aendapo. Mnyama akishachinjwa, majimaji ya kijani yaliyomo katika utumbo mwembamba hukamuliwa, huchujwa na kuchemshwa, huwekwa chumvi na pilipili, kisha nyama ya kuchoma huchovywa humo. Ni kichungu. Uchungu huo ndio unaotafutwa, kwa sababu unakata mafuta ya nyama na kuamsha ulimi. Mtu wa mkoa mwingine akielezwa kwa mara ya kwanza hukunja uso, na wapo vijana wa Mara waishio mijini ambao hawapendi kukitaja mbele ya wenzao.

Hawana sababu ya kuona haya. Katika jimbo la Ilocos nchini Ufilipino kuna mchuzi uitwao papaitan, unaopikwa kwa matumbo ya mbuzi au ng'ombe na kutiwa uchungu wa nyongo au wa majimaji hayo hayo ya utumbo. Waskoti nao wana haggis: moyo, ini na mapafu ya kondoo, vikasagwa na kuchanganywa na oti, mafuta na vitunguu, kisha vikafungwa ndani ya tumbo la kondoo na kuchemshwa. Marekani imezuia tangu mwaka 1971 vyakula vyenye mapafu ya mifugo, na haggis ya asili imekwama kwenye zuio hilo. Waskoti hawakuionea haya. Kila tarehe 25 Januari, siku ya mshairi wao Robert Burns, haggis huingizwa ukumbini kwa zumari, na shairi husomwa mbele yake kabla ya kisu.

Wafugaji watatu, pembe tatu za dunia, wamefikia wazo moja: mnyama aliyelishwa kwa taabu hatupwi hata sehemu. Tofauti ni kwamba haggis ina vitabu, papaitan ina vitabu, na kichuri kina wapishi wanaojua kila kitu na karatasi chache mno.

Ndizi isiyo ndizi

Sehemu ya vitabu vya Uingereza inayogusa Tanzania kwa karibu zaidi ni ile ya Vita Kuu ya Pili. Mgawo wa chakula ulianza Januari 1940 na haukuisha kabisa hadi Julai 1954. Kwa muda mrefu wa kipindi hicho mtu mzima alipata kwa wiki takriban gramu 57 za siagi, gramu 57 za majani ya chai, gramu 227 za sukari na yai moja, yai lenyewe likipatikana. Wizara ya Chakula ilichapisha vipeperushi vya upishi, na kuanzia mwaka 1940 redio ya BBC ilirusha kila asubuhi kipindi kifupi cha kuwafundisha watu kupika bila viungo walivyovizoea.

Hapo ndipo yaliposhamiri mapishi ya kuigiza. Jina la Waziri wa Chakula, Lord Woolton, lilipewa pai isiyo na nyama, iliyobuniwa na mpishi wa hoteli ya Savoy ya London, François Latry: viazi, karoti, koliflawa na oti. Karoti ziligeuzwa peremende. Bata bukini wa sikukuu alitengenezwa kwa viazi, matofaa na jibini. Ndizi zilipoacha kuingizwa nchini humo mwaka 1940, akina mama walichemsha mzizi mweupe wa jamii ya karoti, wakauponda pamoja na sukari na matone ya ladha ya ndizi ya dukani, wakaupaka kwenye mkate wa watoto. Msomaji wa nyanda za juu za Tarime, ambaye mgomba uko nyuma ya jiko, atahitaji kusoma maelekezo hayo mara mbili.

Wapishi hao hawakuwa na kosa, na ubunifu wao unastahili heshima. Lakini uhaba wao haukuishia jikoni kwao. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na njaa ya mafuta, Frank Samuel wa United Africa Company alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine ili zikamuliwe mafuta ya kutengenezea majarini. Lengo lilikuwa zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 matrekta yalianza kung'oa vichaka Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa mashine za kusafishia mashamba. Mvua za Kongwa hazikutosha, udongo ulikauka ukawa mgumu hata jembe la trekta likashindwa, na mwezi Januari 1951 mpango ukafutwa. Pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Kipande cha siagi cha gramu 57 katika meza ya Leeds kilipindua ardhi ya Wagogo.

Wakati wa vita vyenyewe vijana wengi wa Kikurya walikuwa wameandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, na askari wa jeshi hilo walipigana hadi Burma. Huko walilishwa nyama ya kopo na biskuti ngumu, vyakula vya vita vile vile ambavyo wajukuu wa Waingereza wanavisoma leo kwa mapenzi. Marguerite Patten, aliyefanya kazi katika Wizara ya Chakula ya Uingereza na kuishi hadi mwaka 2015, alichapisha mwaka 1985 kitabu cha mapishi ya mgawo kilichopendwa na watu ambao hawakuuonja mgawo wenyewe.

Tanzania ilikuwa na mgawo wake. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika nchi nzima. Watu wazima wa leo wanayakumbuka maduka ya kaya, foleni za sukari, sukari guru ndani ya chai, na ugali wa unga wa njano uliotoka ng'ambo kama msaada. Tarime, kwa kuwa mpakani, ilikuwa na habari zake za ziada: sabuni na mafuta ya kupikia yaliyovushwa kwa magendo kutoka Kenya. Namna akina mama wa Sirari, Nyamongo na Mugumu walivyounga mboga katika miaka hiyo ni elimu. Uingereza iliihifadhi ya kwake kwa vipeperushi na redio. Ya Mara imo vichwani mwa bibi ambao umri wao unazidi kusogea.

Kitabu cha Nairobi na kichwa cha Kamante

Upishi wa Kiingereza uliofika Afrika Mashariki ulikuja na vitabu vyake. Mwaka 1928 umoja wa wanawake wa Kanisa la St Andrew's, Nairobi, ulitoa kitabu cha upishi na utunzaji wa nyumba kwa walowezi wa Kenya, kilichochapishwa tena na tena kwa miongo mingi. Kilikusanya mapishi ya Ulaya yaliyopunguzwa na kuongezwa kufuatana na mahali: jiko la kuni, maziwa yanayoharibika kwa joto, matunda ya nchi badala ya yale ya nyumbani. Walioyapika mapishi hayo kila siku, mara nyingi, walikuwa Waafrika ambao majina yao hayamo kitabuni.

Mmoja wao amejulikana. Kamante, kijana wa Kikikuyu, alikuwa mpishi wa Karen Blixen, Mdenishi aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong na aliyemwandika katika kitabu chake cha mwaka 1937. Mwana mfalme wa Uingereza alipokula chakula cha jioni shambani hapo mwaka 1928, aliusifu mchuzi wa Cumberland uliotoka mikononi mwa Kamante. Kamante hakujua kusoma. Alihifadhi mapishi kichwani na kuyapa majina ya matukio ya siku alipofundishwa: kulikuwa na mchuzi wa radi iliyopiga mti, na mchuzi wa farasi wa kijivu aliyekufa. Kwa mujibu wa Blixen, chakula cha Kizungu mwenyewe hakukithamini. Alipendelea mahindi yake.

Kamante alikuwa maktaba kamili, na maktaba hiyo ilihitaji mgeni ili ijulikane. Wageni wengine walipokiandika chakula cha Waafrika walikiandika kwa namba. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi wa lishe na afya ya Wamasai na Wakikuyu, kazi yenye vipimo vingi vya miili na virutubisho. Boyd Orr alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO mwaka 1945 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949. Utafiti wa namna hiyo una faida yake, lakini hauwezi kumfundisha mtu kupika.

Daftari la Mara

Wenyeji wa Mara wameshathibitisha kwamba kuandika mambo yao wenyewe kunawezekana. Wazee wa Mara ya Kusini waliandika historia za makabila yao, na mwanahistoria Jan Bender Shetler akazihariri. Zilichapishwa mwaka 2003 kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Humo mna koo, uhamaji, vita, na shida za mwisho wa karne ya 19, sotoka ilipoua ng'ombe na njaa ikafuata. Mapishi yanaweza kufuata njia hiyo hiyo, na hapa Beeton ana jambo la kufundisha.

Vyakula vyake vingi havikuwa vyake. Alichukua kwa wengine, akiwemo Eliza Acton, ambaye mwaka 1845 alikuwa ameanza kuorodhesha viungo na vipimo vyake mwishoni mwa kila pishi. Mchango wa Beeton ni mpangilio. Viungo alivitanguliza mwanzoni mwa kila pishi. Baada yake ilikuja namna ya kupika, muda, gharama, idadi ya walaji na msimu unaofaa. Mtu ambaye hajawahi kukiona chakula aliweza kukijaribu.

Fomu hiyo ikiwekwa juu ya chakula cha Mara, mara moja inaibua maswali ambayo mpishi hujibu kwa mkono bila kuyasema. Kwa kichuri: utumbo ufungwe wapi, na ukae muda gani kabla ya kukamuliwa? Ng'ombe wa malisho ya mvua na yule wa kiangazi wanatoa ladha moja? Kichemke mara ngapi hadi kiwe salama? Kwa ugali wa mtama na muhogo: vikombe vingapi vya huu kwa vingapi vya ule, na makopa yalikaushwa siku ngapi? Kwa mgagani: maziwa ya kuondoa uchungu yanaingia kabla au baada ya maji ya kwanza kumwagwa? Kwa uji wa ulezi: unga ulisagwa kwa jiwe au mashine, na ulilala chachuni usiku mmoja au miwili? Kwa maziwa ya kibuyu: kilifukizwa kwa mti gani?

Wilaya ya Serengeti ina ukurasa wa pekee. Waikoma na jirani zao walikuwa wawindaji wa zamani wa nyumbu, na walijua kuikata nyama vipande vyembamba na kuikausha idumu. Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na uwindaji bila kibali ni kosa kisheria. Kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu bucha za nyamapori zenye leseni. Kuandika namna wazee walivyokausha nyama hakumpi mtu ruhusa ya kuwinda. Ujuzi huo wa jua, moshi na chumvi unafaa pia kwa nyama ya ng'ombe na mbuzi, hasa vijijini ambako jokofu halipo.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kupewa likizo moja ya kumhoji bibi, shangazi au mchoma nyama wa mtaani, wakiwa na kikombe cha kupimia, saa na daftari. Mwalimu wa Kiswahili asahihishe lugha, mwalimu wa baiolojia ahoji usalama wa kila hatua, na jina la chakula libaki kama linavyotamkwa na Mkurya, Mngoreme, Mwikoma au Mnata. Maofisa utamaduni na maofisa lishe wa halmashauri wakae meza moja kuyachambua. Chakula cha shida kiandikwe sawasawa na cha sherehe: ugali wa unga wa njano upate ukurasa wake kama nyama ya harusi. Pishi lenye namna tatu liandikwe mara tatu, kwa kuwa koo za Kikurya kama Wairegi, Wanyabasi na Watimbaru hazilazimiki kukubaliana juu ya kiasi cha chumvi.

Na juu ya kila ukurasa liandikwe jina la aliyepika, kijiji chake na mwaka, akiridhia. Wapishi wa walowezi hawakupata nafasi hiyo. Nakala moja ikae maktaba ya shule, ya pili ofisi ya halmashauri, na ya tatu irudi kwa mwenye mapishi, aisome au asomewe, na arekebishe palipokosewa kabla ya kitabu kwenda kwa mpiga chapa.